Nilimwambia Kaka Nimepata 160

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu na kemia katika shule moja ya upili hapa Lamu, umri wangu miaka 28. Jina langu nakuomba ulistiri. Mji wetu unaujua: mtu akikohoa Langoni, Mkomani wanamwombea afya.

Kwa miaka mitatu nimekuwa na hamu ya kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili ya takwimu. Si posa ninayoikimbia, Mama, najua utauliza. Napenda takwimu tu, tangu chuoni. Nimechagua vyuo vinne, na vyote vinafunga maombi tarehe 15 Desemba. Vitatu vinataka alama za GRE, ule mtihani wa wanaoomba masomo ya uzamili. Cha nne kinasema ukitaka zilete, usipotaka basi. Hilo niliona ni mtego, nikaamua nami nitazipeleka.

Ada ya mtihani ni dola 220, kwa pesa zetu zaidi ya shilingi elfu 28. Mimi ni mwalimu wa BOM, niliyeajiriwa na bodi ya shule, si wa TSC, tume ya serikali ya walimu, kwa hivyo mshahara wangu unaweza kuukisia. Aliyenilipia ni kakangu. Yeye ni mvuvi, na pesa zile alikuwa ameziweka za mashine ya boti, ambayo imemsumbua kusi nzima. Wifi yangu hakusema neno, lakini siku hiyo sufuria zilipigana jikoni kuliko kawaida.

Nilijiandikisha kufanya mtihani tarehe 8 Novemba, nikiwa nyumbani kwa kompyuta, ili nisiingie gharama ya boti hadi Mokowe na mabasi ya kwenda na kurudi Nairobi. Kisha nikafanya jaribio la bure la POWERPREP linalotolewa na wenye mtihani wenyewe. Nilianza saa nne usiku, baada ya shule na tuisheni, nimekaa ukumbini kwetu. Nyumba ni ya mawe ya zamani, vyumba vya ndani vina mapazia tu, na mtoto wa kaka alikuwa akija kila mara kuniuliza kama nimemaliza kucheza.

Nikapata 151 kwa lugha na 146 kwa hesabu.

Alama zinaanzia 130 na kuishia 170. Katika ngazi 40, mimi mwalimu wa hesabu nimepanda 16. Cha kuniumiza zaidi, sehemu ya kwanza ya hesabu iliniishia muda nikaacha maswali manne matupu, lakini ya pili niliiona rahisi, nikaimaliza na dakika zikabaki. Nikadhani nimejikomboa.

Alfajiri kaka alirudi kutoka baharini, akaniuliza hata kabla ya kuvua koti: "Umepata ngapi?" Nikasema, "160." Sijui imetoka wapi. Alicheka kwa furaha, na jioni yake akaenda kusema barazani. Sasa nikipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wazee wananiita Mmarekani.

Tangu hapo nimeazima kitabu cha majaribio kwa mwalimu mwenzangu. Kila jaribio ni karibu saa nne, lina insha mbili. Nimefanya matano, kila Ijumaa usiku. Hesabu nimepata 145, 147, 146, 146, 147. Nimekariri pia maneno 600 ya Kiingereza, na mengine sijayaona popote pale isipokuwa kwenye orodha yenyewe.

Zimebaki wiki saba. Niahirishe? Niingie hivi hivi nitegemee Mungu? Nimwambie kaka? Au pengine hesabu za kweli haziko kichwani mwangu, ninazoweza ni zile za kidato cha pili tu?

Ticha, Langoni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mama, nikakuhurumia kwa ile 160. Mara ya pili niliisoma kama mwalimu mstaafu wa hesabu, na hapo nikakasirika kidogo. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza nihakikishe nimekuelewa. Una mtihani ambao pesa zake zimetoka kwenye mashine ya boti. Una alama ambayo haikufikishi unakotaka, na juhudi ya wiki tano haijaisogeza. Na una uongo wa tarakimu tatu ambao umetoka nyumbani ukaenda barazani. Umeyafunga yote kitita kimoja, kisha unaniuliza kama wewe ni mjinga. Tuyafungue, maana kila moja lina dawa yake.

Sitakudanganya kuhusu 146. Kwa mtu anayeomba fasihi pengine wangeipita bila kuitazama sana. Kwa takwimu ni ndogo, na walimu wa idara hiyo huanza kutazama pale pale kwenye hesabu. Kwa hivyo hofu yako si ya bure. Ninachokihoji ni maana uliyoipa alama hiyo.

Hebu nikuulize. Mwanafunzi wako wa kidato cha nne akifeli karatasi ya majaribio, unampa karatasi nyingine Ijumaa inayofuata, na nyingine, na nyingine, bila kuisahihisha ya kwanza pamoja naye? Ungemwita mwalimu afanyaye hivyo jina gani? Nimehesabu katika barua yako majaribio sita, na hakuna mahali uliposema, "Nilikosa maswali haya kwa sababu hii." Unapima joto mara sita na hujanywa hata panadoli moja. Ndiyo hasira yangu, na imeshapoa.

Halafu kitabu chenyewe. Saa nne na insha mbili? Mwanangu, huo ni mtihani uliokwisha. Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa, sasa ni saa moja na dakika 58. Insha imebaki moja, ya dakika 30. Hesabu ina sehemu mbili: ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26. Lugha nayo ni maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Maswali ya kitabu chako bado yanafaa, kwa kuwa aina zake hazikubadilika, lakini ule ukeshaji wa Ijumaa ulikuwa mazoezi ya mbio ndefu ilhali unakwenda kukimbia fupi. Mtu aliyechoka saa nane usiku hajui tena alichokosa kwa kutojua na alichokosa kwa usingizi.

Sasa njoo kwenye yale maswali manne matupu, kwa sababu hapa ndipo barua yako ilinifanya nikae wima.

GRE haikati alama kwa jibu lisilo sahihi. Jibu la kubahatisha na nafasi tupu hazilingani: la kwanza lina uwezekano wa kupata, la pili halina. Wewe wa takwimu hilo nisikufundishe. Lakini kuna zaidi. Kompyuta hutazama ulivyofanya sehemu ya kwanza, ndipo ikuchagulie ugumu wa sehemu ya pili. Ukifanya vizuri, inakupa ngumu, na alama za juu ziko huko. Ukifanya vibaya, inakupa nyepesi, na hata ukizimaliza zote dari lako limeshashushwa. Ule wepesi uliokufurahisha, mwanangu, ndio uliokuwa habari mbaya. Mtihani ulikuwa umeamua tayari, na umeamua kwa maswali ambayo hukuyagusa.

Kwa nini hukuyagusa? Nakisia, nawe utaniambia kama nimekosea. Nakisia unafanya hesabu kama mwalimu wa hesabu: unaandika hatua zote, unapigia mstari jibu, pengine na alama ya kwa hivyo juu yake. Ubaoni ni sifa hiyo, lakini kwa dakika moja na robo tatu kwa swali ni mzigo. Chukua yale maswali ya kulinganisha, ambapo unapewa kiasi A na kiasi B, uchague: A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au haiwezekani kujua. Tuseme A ni x mraba na B ni x, na hujaambiwa x ni nini. Mwalimu ndani yako anasema mraba ni mkubwa, maana kichwani ameshaweka 3. Weka 1, vinalingana. Weka nusu, mraba unakuwa robo, B anashinda. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua, na ungelipata kwa sekunde 20 bila kuandika mstari hata mmoja. Miaka mingi ya kufundisha watoto kwa namba nzima, zilizo juu ya sifuri, imekuzoesha kusahau kwamba kuna sehemu, kuna sifuri na kuna hasi. Hilo si upungufu wa akili, ni kovu la kazi, kama sugu za mikono ya kakako.

Kwa hivyo ukiniuliza kama hesabu za kweli haziko kichwani mwako, nasema sijui, na wewe pia hujui bado. Karatasi zako sita zinajua. Zitoe. Kwa kila swali ulilokosa andika sababu kwa neno moja au mawili: sikujua kanuni, nilisoma haraka, nilikosea kuhesabu, muda. Usijihurumie, na usijionee. Ukimaliza, hesabu kila sababu imetokea mara ngapi, hapo ndipo utakuwa mtu wa takwimu. Ikiwa nyingi ni "muda" na "nilisoma haraka", wiki saba zinaweza kukusogeza mbali. Ikiwa nyingi ni "sikujua", wiki saba bado zinafaa, ila itabidi urudi kwenye mada zenyewe, aljebra, jiometri, uwezekano, usomaji wa chati, na hapo mwendo huwa wa polepole. Siwezi kukuahidi idadi ya alama. Anayekuahidi anauza kitu.

Ule usiku wa kwanza, wenye mtoto na mapazia, ulikuibia alama kadhaa, nakubali. Lakini usiegemee hapo sana, kwa sababu tarehe 8 nyumba itakuwa ile ile. Mtihani wa nyumbani unataka chumba chenye mlango uliofungwa, uwe peke yako, na msimamizi anakutazama kwa kamera. Mtu akiingia, hata mtoto wa miaka minne mwenye maswali ya msingi, mtihani unaweza kusimamishwa. Ukumbi wa mapazia haufai. Katika ukoo wenu hapakosi mtu mwenye chumba kipya cha juu chenye mlango na komeo. Kachumbie chumba hicho mapema. Headifoni hairuhusiwi, simu haitumiki kufanyia mtihani, na karatasi ya kawaida ya kufanyia hesabu hairuhusiwi pia: utatumia ubao mdogo mweupe wa kufutika, na mwishoni unaufuta msimamizi akiona. Sijui kama ulikuwa ukifanya mazoezi kwa daftari. Kama ndivyo, badilisha leo, kwa sababu ubao mdogo hujaa upesi nao utakulazimisha kufupisha hatua. Kikokotoo kitakuwepo kwenye skrini, lakini usikiamshe kwa kila jambo. Na stima zetu unazijua. Betri ya kompyuta itavumilia, je, intaneti? Mwenye kukodisha chumba cha wageni chenye betri ya akiba aweza kukusitiri kwa nusu siku.

Jaribio la POWERPREP la bure liko la pili, na nafurahi kwamba hujaligusa. Lihifadhi hadi karibu wiki mbili kabla ya mtihani, ulifanye mchana, kwenye chumba hicho hicho, kwa ubao huo huo. Hilo ndilo litakalokuambia ukweli. Hadi hapo, vipande vifupi: maswali 12 kwa dakika 21, kisha saa nzima ya kuyachambua. Ndiyo, kuchambua kuchukue muda mrefu kuliko kufanya. Maneno 600 yaache yapumzike. Katika yale maswali ya kujaza pengo, sentensi yenyewe huwa imekwisha kukuonyesha neno la aina gani linatakiwa, kwa "ingawa" au "kwa sababu" yake. Soma sentensi, weka neno lako mwenyewe kwanza, ndipo utazame majibu. Kwa 151 lugha haikuzamishi. Nisingeipa zaidi ya siku moja kwa wiki.

Kuhusu kuahirisha, nilichukua kalenda. Mtihani unaruhusu kurudia baada ya siku 21. Ukifanya tarehe 8 Novemba na usiridhike, unaweza kurudia tarehe 29 Novemba. Matokeo rasmi huchukua siku nane hadi kumi, kwa hivyo yatatoka karibu tarehe 9 Desemba, na maombi yanafungwa tarehe 15. Pumzi ni ndogo, lakini ipo. Na vyuo haviwezi kuiona ile ya kwanza usipotaka, kwani wewe ndiye unayechagua alama za siku ipi zipelekwe. Tatizo ni kwamba kurudia ni dola 220 nyingine, na mashine ya boti ni ile ile. Ukisogeza tarehe hadi mwisho wa Novemba, unapata wiki tatu zaidi za kusoma kwa ada ndogo ya kuhamisha, lakini unakuwa na risasi moja tu. Mmoja angechagua hivi, mwingine vile. Mimi ningengoja lile jaribio la pili ndipo niamue, lakini usingoje hadi Novemba iingie, kwa sababu siku za mwisho mwisho hawakuhamishii na pesa zote zinapotea.

Kuna njia umeipita bila kuitazama. Kile chuo cha nne. Kwa nini uliona ni mtego? Idara nyingi za Marekani zililegeza au kuondoa sharti la GRE tangu mwaka 2020, wakati vituo vya mitihani vilipofungwa, na nyingi hazijalirudisha. Wanaposema si lazima, mara nyingi wanamaanisha si lazima. Kwao, alama nzuri inakusaidia na alama mbaya unaibakisha nyumbani, wakakupima kwa masomo yako ya chuoni na barua za walimu wako. Je, umehakikisha kama vile vitatu bado vinaidai mwaka huu, kwenye ukurasa wa idara yenyewe na si wa chuo kwa jumla? Waandikie barua pepe. Hatari yake ni moja: usije ukageuza orodha yote kuwa ya vyuo visivyouliza, ukaacha chuo kinachokufaa kwa kuogopa namba. Na mwaka ujao pia upo. Alama hudumu miaka mitano. Ingawa naogopa kidogo kusema "mwaka ujao" kwa mtu aliyekwisha kusema miaka mitatu.

Sasa kaka.

Unasema hujui 160 ilitoka wapi. Mimi nadhani ilitoka kwenye uso wake. Mtu amekesha baharini, ameingia na maji ya chumvi mwilini, na swali la kwanza ni lako wewe. Ulitaka kumpa kitu. Lakini jiulize: hivi sasa uongo huu unamlinda nani? Kama ni yeye, analindwa na nini hasa? Wewe unaamini alilipia alama. Inawezekana alilipia jaribio, kama anavyotia mafuta kwenye boti bila kujua bahari itatoa nini siku hiyo. Mvuvi harudishi boti ufukweni milele kwa sababu ya usiku mmoja wa nyavu tupu. Wewe unamjua kuliko mimi, huenda nimempamba.

Ukimwambia, kuna hatari. Anaweza kukasirika, hasa kwa barazani. Wifi yako anaweza kuzipiga sufuria tena, na safari hii akasema. Usipomwambia, utaingia kwenye kile chumba ukiwa na mitihani miwili, mmoja wa ETS, wenye GRE, na mmoja wa kufikia namba uliyoibuni alfajiri, na ukipata 155, ambayo kwako ingekuwa ushindi mkubwa, itabidi uipokee kama msiba. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko uongo wenyewe. Na ikiwa itabidi kurudia tarehe 29, utamwombaje dola nyingine mtu anayeamini una 160 mkononi?

Kuna namna ya katikati pia: kumwambia yeye peke yake na kuwaachia wazee wa baraza Mmarekani wao. Wazee hawakulipa kitu. Ukiamua hivyo, nisingeanza na alama. Ningemwonyesha lile swali la x mraba, nimwache aweke namba zake mwenyewe, na nusu nayo. Akiona jinsi linavyomteleza mtu, utakuwa umefika nusu ya maelezo.

Niandikie ukishahesabu zile sababu. Nataka kujua "muda" imetokea mara ngapi.

Mama